Kulima na Kutunza: Viwanja vya Shule Zetu na Viumbe Wenyeji wa Mwambao wa Ziwa

Utangulizi

Katika kitabu hiki cha kumbukumbu ya miaka mia moja ya usharika wetu, ndugu zangu wengine wameandika habari za wainjilisti, kwaya, umoja wa wanawake na ujenzi wa kanisa. Mimi niliombwa na kamati ya maadhimisho kuandika habari za elimu. Baada ya kutafakari niliona si lazima kurudia hesabu ya madarasa na madawati, kwa kuwa hiyo imekwisha kuandikwa katika taarifa zetu za kila mwaka. Nimechagua kuandika juu ya jambo ambalo halimo katika taarifa hata moja, nalo ni ardhi inayoyazunguka madarasa hayo, pamoja na miti, ndege na wanyama wadogo waliokuwa wakiishi juu yake kabla kengele ya shule haijapigwa.

Msomaji atauliza kama hili ni jambo la kuwekwa katika historia ya Kanisa. Najibu kwamba ndilo. Nilipokuwa mwanafunzi Makumira tulifundishwa kuisoma Mwanzo sura ya 2 kwa makini. Katika aya ya 15 mwanadamu anawekwa katika bustani na kupewa kazi mbili, siyo moja. Kazi ya kwanza ni kulima, na neno la Kiebrania linalotumika hapo lina maana pia ya kutumikia. Kazi ya pili ni kutunza, na neno lake lina maana ya kulinda, kama mlinzi alindavyo mlango. Nikiitazama nyuma historia ya shule zetu naona kwamba kazi ya kwanza tuliifundisha kwa bidii kubwa, lakini ile ya pili tuliisahau. Makala hii inaeleza jinsi tulivyoisahau, na jinsi inavyoweza kurudishwa.

Ardhi tuliyoikuta

Ilemela, ambayo tangu mwaka 2012 ina manispaa yake yenyewe baada ya kutengwa na Jiji la Mwanza, ni nchi ya mawe. Mgeni afikaye kwa mara ya kwanza hustaajabu kuona majabali makubwa yaliyopangana juu ya vilima kana kwamba yamewekwa na mikono ya watu. Katika nyufa za majabali hayo hukusanyika udongo na maji ya mvua, na humo huota mikuyu, migunga, mikwaju na vichaka vya aina nyingi. Chini, kando ya ziwa, palikuwa na mafunjo na matete yaliyochuja maji ya mito kabla hayajaingia ziwani.

Katika mawe hayo huishi pimbi. Watoto wetu wengi humwona kama panya mkubwa asiye na mkia, lakini wataalamu wa viumbe wanatufundisha kwamba ukoo wake uko karibu na tembo kuliko panya. Huyu ndiye aitwaye wibari katika Biblia yetu ya Kiswahili, anayetajwa katika Zaburi ya 104 na Mithali sura ya 30 kwa sababu ya makao yake miambani. Mara ngapi wahubiri tumelisoma neno hilo mbele ya washarika, naye wibari mwenyewe akiota jua nyuma ya kanisa bila sisi kumtambua!

Juu ya mawe hayo hayo yupo mjusi ambaye dume lake lina kichwa na mabega ya rangi nyekundu na mwili wa buluu. Katika jina lake la kisayansi limo jina la Mwanza, na kwa jina hilo anajulikana duniani kote. Ndege nao walikuwa wengi: mnana anayesuka viota vyake katika matete na migunga, chozi anayefyonza maua, mdiria, kwale, kanga, hondohondo, na furukombe ambaye sauti yake husikika mbali juu ya maji.

Wazee wa Kisukuma walikuwa na majina ya viumbe hawa wote, na ya kila mti. Walijua mti upi huponya tumbo, upi hutoa kamba, upi hauliwi na mchwa, na upi huonyesha kwamba maji hayako mbali. Elimu hiyo haikuwa na vitabu. Ilikaa katika vichwa vya watu na katika mimea yenyewe, hata ikawa kwamba mmea ulipoondolewa, na jina lake lilianza kuondoka.

Shule na fagio

Kwa haki tuseme kwamba waliofyeka nchi hii walikuwa na sababu zao. Mbung'o aliua ng'ombe kwa ugonjwa wa nagana na watu kwa malale. Tangu miaka ya 1920 serikali ya kikoloni, ikiongozwa na mtaalamu Swynnerton aliyefanya kazi Shinyanga, ilihimiza watu maelfu kutoka na mashoka kukata vichaka ili mbung'o akose kivuli. Baadaye, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili, pamba ilienea Usukuma yote. Wakulima walijiunga katika ushirika, na mwaka 1955 shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria likaundwa, ambalo uongozi wa Paul Bomani ulilipatia sifa Afrika nzima. Pamba ilijenga shule na zahanati, na watoto wengi wa usharika huu walisomeshwa nayo. Lakini kila shamba jipya la pamba lilikuwa kichaka kimoja pungufu.

Shule nazo zilikuja na desturi yake. Katika shule za misheni usafi ulihesabiwa kuwa karibu sana na wema. Kila asubuhi watoto walifika na mafagio ya miti, wakafagia uwanja hata udongo ukabaki mtupu wenye mistari. Jani lililoanguka lilihesabiwa kuwa uchafu, kichaka kilihesabiwa kuwa maficho ya nyoka, na mti mkubwa wa asili ulishukiwa kuwa mahali pa matambiko. Mwalimu aliyeacha nyasi ziote aliandikwa na mkaguzi kuwa mvivu. Desturi hiyo haikukoma pale shule zilipowekwa chini ya serikali kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Walimu walikuwa wale wale, nayo mafagio yalikuwa yale yale.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na kila shule ikawa na shamba lake. Nami nilikuwa mtoto wa kizazi hicho. Tulilima pamba, mihogo na mahindi, tukafuga kuku, tukauza mazao na kununua mpira na chaki. Sijutii hata siku moja jembe nililoshika, kwa kuwa lilinifundisha kuwaheshimu wakulima ambao baadaye nilikuwa mchungaji wao. Lakini nikumbukavyo, hapakuwa na somo hata moja lililotufundisha kuacha sehemu ya ardhi ipumzike, ingawa Walawi sura ya 25 inaiagiza ardhi yenyewe iwe na sabato yake.

Miti iliyotoka mbali

Isidhaniwe kwamba hatukupanda miti. Tulipanda mingi. Lakini hebu tuihesabu ile iliyosimama katika viwanja vya shule zetu mpaka leo. Mkaratusi ulitoka Australia. Jakaranda ilitoka Amerika ya Kusini. Mkrismasi, unaochanua maua mekundu mwezi wa Desemba, asili yake ni Madagaska. Mjohoro na mwarobaini ilitoka Asia, na ule mti wa ashoka, mrefu na mwembamba, unaopendwa leo mbele ya kila ofisi, ulitoka India na Sri Lanka.

Simaanishi kwamba miti hii ni mibaya. Mwarobaini umetutibu na kutupa kivuli, na mkaratusi umetupa nguzo. Lakini mti wa kigeni kwa viumbe wengi wa hapa ni kama nyumba nzuri isiyo na jiko. Ndege hutua juu yake, lakini chakula hakipo, kwa maana wadudu wengi hula majani ya mimea waliyoizoea tangu vizazi visivyohesabika, na ndege wengi hulisha makinda yao kwa wadudu hao. Mkuyu, kwa mfano, una nyigu wake mdogo sana anayeingia ndani ya tunda na kulichavusha. Bila nyigu huyo mkuyu hauzai mbegu, na bila mkuyu nyigu hana pa kuzaliwa. Tunda likiiva huliwa na ndege, popo na wanyama, nao hueneza mbegu mpaka katika nyufa za mawe. Mti mmoja wa namna hiyo ni kijiji kizima.

Sisi wa kando ya ziwa hatuna haja ya kwenda mbali kujifunza maana ya kuleta kiumbe mgeni. Sangara aliwekwa ziwani katika miaka ya 1950 na ya mwanzo ya 1960. Ni kweli ametupatia viwanda na ajira. Lakini wale samaki wadogo tuwaitao furu, waliokuwa na aina mamia ambazo hazipatikani mahali pengine popote duniani, walipungua sana kufikia miaka ya 1980, na aina nyingi hazikuonekana tena. Ndipo mwishoni mwa miaka hiyo yakaja magugu maji kutoka Amerika ya Kusini, yakafunga ghuba na mialo, hata ikabidi waletwe wadudu wa kuyala. Faida na hasara zilikuja katika mtumbwi mmoja. Aliyekuwa na busara angeuliza kwanza ni nani anayeishi hapa kabla ya kumkaribisha mgeni.

Ngitili: hekima iliyokuwapo

Hapa nataka kueleza jambo ambalo lilinigeuza mawazo. Wasukuma tangu zamani walikuwa na desturi iitwayo ngitili. Mvua zilipoanza, familia ilifunga sehemu ya ardhi yake, isilishwe wala kukatwa kitu, ili majani yake yawe akiba ya ndama na ng'ombe wa kulimia wakati wa kiangazi. Ngitili haikuwa pori lililosahauliwa. Ilikuwa na mwenyewe, mipaka na sheria. Makosa yaliamuliwa katika dagashida, yaani mkutano wa jamii, na baadaye sungusungu wakashiriki katika kulinda.

Desturi hiyo ilidhoofika watu walipohamishiwa katika vijiji katika miaka ya 1970, kwa kuwa mtu aliyehamishwa aliiacha ngitili yake nyuma. Pamoja na ukataji wa kuni, pamba na wingi wa mifugo, mkoa jirani wa Shinyanga ulibaki mtupu hata ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI. Mwanzoni wataalamu walileta miche kutoka kwenye vitalu, na mingi ya miche hiyo ilikuwa ya kigeni. Kisha wakajifunza kwa wananchi wenyewe kwamba ardhi ikifungwa tu, visiki vya migunga na miti mingine ya asili vilivyolala chini ya udongo huchipua vyenyewe, bila kitalu wala kumwagilia.

Matokeo yake yanajulikana duniani. Mwaka 1986 ngitili zilizoorodheshwa zilikuwa hekta zipatazo 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikadiriwa kuzidi hekta 300,000 katika vijiji 833. Watafiti walihesabu humo aina 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na aina 145 za ndege. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Na jambo linalotuhusu sisi zaidi ni hili: ngitili hazikuwa za watu binafsi na vijiji peke yao. Shule, makanisa na taasisi nyingine nazo zilifunga ardhi zao. Hivyo shule ya Usukuma yenye ngitili si wazo lililoletwa na wageni. Lilikwisha kufanyika kwa jirani zetu, kwa lugha yetu, na kwa sheria tulizozirithi.

Mkuyu wa mpakani

Sasa nitaje kosa langu, kwa maana historia isiyo na toba si historia ya Kanisa.

Mapema katika miaka ya 1990, nikiwa mchungaji kijana, nilikuwa mjumbe wa kamati ya ujenzi ya shule moja ya msingi iliyopakana na kanisa. Katika mpaka ulisimama mkuyu mkubwa uliozungukwa na vichaka na mawe matatu, na pimbi walikaa humo. Kamati ilitaka uwanja wa gwaride ulio wazi. Bibi mmoja mjane, mshiriki wa Meza ya Bwana kila mara, alinijia akasema, "Baba Mchungaji, huo mti uacheni. Ni wa ndege, tena chini yake maji hayako mbali." Nilimjibu kwa upole wa nje lakini kwa kiburi cha ndani. Jumapili iliyofuata nilihubiri juu ya watu wanaoitegemea miti badala ya Mungu. Yule bibi alikuwa amekaa benchi la tatu, na watu wote walijua ni nani ninayemsema. Hakuwa ametaja tambiko hata kidogo. Alikuwa amenieleza habari za ndege na maji tu.

Mkuyu ulikatwa kwa siku nne. Vichaka vilichomwa, na jiwe moja likapasuliwa kokoto. Tulipanda ashoka kumi na mbili katika mstari ulionyooka, nazo zilipendeza kwenye picha. Mvua za vuli zilipokuja, maji yaliyokuwa yakizuiwa na mizizi na vichaka yaliteremka moja kwa moja, yakaingiza matope katika darasa la tatu. Tulichimba mfereji, ukaziba, tukachimba mwingine. Watoto waliokuwa wakila viporo vyao kivulini walianza kula wakiwa wamejibanza ukutani. Pimbi waliondoka.

Lakini kisiki hakikufa. Kila mwaka kilichipua, na kila mwaka mlinzi alikikata kwa amri iliyotoka kwetu. Hatimaye mwalimu mmoja wa sayansi aliomba machipukizi yaachwe, ayatumie katika somo lake. Alizungushia kisiki uzio wa manyara pamoja na kipande cha ardhi kisichozidi hatua thelathini kwa ishirini, akawakataza wanafunzi kufagia humo. Ayubu sura ya 14 inasema habari za mti uliokatwa ambao bado una tumaini. Nimeihubiri sura hiyo mazikoni mara nyingi, lakini sikupata kuiona kwa macho mpaka nilipokaribishwa kukitazama kile kisiki. Shina lake la pili sasa ni nene kuliko paja la mtu, na minana wamerudi kusuka juu yake. Yule bibi alikwisha kulala katika Bwana kabla sijamwomba radhi. Naliandika jambo hili hapa kwa sababu sina mahali pengine pa kumwomba.

Waliotutangulia katika kazi hii

Wako wengi walioelewa mapema kuliko mimi. Hapa hapa Ilemela ipo Taasisi ya Taaluma ya Wanyamapori Pasiansi, ambayo tangu mwaka 1966 imewafunza askari wa wanyamapori wanaolinda mapori ya nchi yetu. Karibu nasi kipo kisiwa cha Saanane, kilichopewa jina la mvuvi aliyekaa huko zamani. Kilianza mwaka 1964 kama bustani ya wanyama, ya kwanza nchini, na mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa. Eneo lake lote, pamoja na maji yanayokizunguka, ni kilomita za mraba 2.18 tu. Pimbi na wale mijusi wa mawe hukaa humo kwa amani. Kama taifa limeona vema kulinda mawe ya kisiwa kidogo namna hiyo, sisi tunashindwaje kulinda mawe matatu ya shule?

Kwa upande wa shule, Vilabu vya Malihai vya Tanzania vilianzishwa mwaka 1980 ili wanafunzi wajifunze kwamba wanyamapori na mimea ni mali iliyo hai. Mwaka 1991 Dkt. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Gombe aliyefariki dunia mwaka 2025, alikutana na kikundi kidogo cha wanafunzi wa sekondari Dar es Salaam. Kutoka katika mkutano huo ulianza mpango wa Roots & Shoots, ambao sasa uko katika nchi nyingi. Huko Dodoma kampeni ya Kisiki Hai imewarudisha wakulima wengi katika hekima ile ile ya kulea visiki badala ya kuving'oa.

Makanisa nayo yana mifano. Nchini Ethiopia makanisa mengi ya Kiorthodoksi ya vijijini yamezungukwa na misitu ya asili iliyolindwa kwa karne nyingi. Mahali pengi msitu wa kanisa ndio uliobaki peke yake katikati ya mashamba. Katika KKKT, Askofu Dkt. Fredrick Shoo wa Dayosisi ya Kaskazini, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa letu kabla ya Askofu Dkt. Alex Malasusa, amejulikana hata nje ya nchi kama askofu wa miti kwa ajili ya kazi yake katika miteremko ya Kilimanjaro.

Walutheri hupenda pia kusimulia kwamba Martin Luther alisema angepanda mti wa tofaa hata kama dunia ingekwisha kesho. Ukweli ni kwamba neno hilo halimo katika maandishi yake, na ushahidi wa kwanza ulioandikwa ni wa mwaka 1944 nchini Ujerumani, wakati wa vita. Silitaji ili kuwaondolea watu neno wanalolipenda. Nalitaja kwa sababu hata katika neno hilo tumekumbuka kupanda tu, hatukukumbuka kuacha.

Hofu zinazostahili kujibiwa

Nimezungumza na wazazi na walimu, na hofu zao si za kudharauliwa.

Hofu ya kwanza ni nyoka. Ni kweli kichaka chaweza kuwa na nyoka. Lakini nyoka hufuata panya, na panya hufuata mabaki ya chakula na takataka, ambazo ziko karibu na jiko na shimo la taka kuliko popote. Sehemu iliyotengwa na iwe mbali na madarasa, jiko na vyoo. Pembeni yake paachwe njia pana iliyofagiliwa, na watoto wafundishwe kutazama bila kuingiza mikono katika mashimo. Hapo fagio lina kazi yake halali.

Hofu ya pili ni mbu. Mbu huzaliana katika maji yaliyotuama, kama yale yaliyo katika makopo, matairi na mifereji iliyoziba. Kichaka chenye udongo unaonywa maji si mazalio yao.

Hofu ya tatu ni nafasi, nayo ndiyo kubwa. Tangu elimu bila malipo ilipoanza mwaka 2016 watoto wamejaa madarasani. Mwaka 2021 serikali ilijenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa, nasi tulifurahi. Mtoto akaaye sakafuni anahitaji darasa kabla ya kichaka, na mtu asinielewe vibaya katika hilo. Lakini mawe, mteremko na kona za mpakani ni mahali ambapo darasa haliwezi kujengwa, na katika Ilemela mahali pa namna hiyo ni pengi. Tena kona isiyo na kazi inayojulikana ndiyo inayovamiwa kwanza na majirani wanaotafuta kiwanja. Ngitili yenye uzio, jina na sheria hulinda mpaka wa shule kuliko bango.

Mapendekezo kwa karne ya pili

Kwa heshima kwa Baraza la Wazee wa usharika, na kwa kamati za shule zilizo jirani nasi, napendekeza yafuatayo.

Kwanza, kila shule itenge kipande kimoja, hata kiwe kidogo, na kukizungushia manyara. Mwaka wa kwanza kisipandwe kitu. Wanafunzi waandike kila kinachoota chenyewe.

Pili, kinachopandwa baadaye kiwe cha hapa: mkuyu, mkwaju, mgunga na vichaka vya asili vitakavyotajwa na wazee. Mkaratusi ukae shambani kwa ajili ya nguzo, mbali na vijito na chemchemi.

Tatu, mawe yasipasuliwe, na gogo lililooza lisichomwe. Humo hukaa mijusi, pimbi na wadudu ambao ndege huwategemea.

Nne, wazee waalikwe shuleni kutaja majina ya mimea na viumbe kwa Kisukuma na kwa lugha nyingine za watu waliohamia hapa, nayo yaandikwe katika daftari litakalokaa shuleni. Kwa kila mzee tunayemzika bila kumwuliza, tunafukia pamoja naye majina ambayo hakuna kitabu kinachoyahifadhi.

Tano, wanafunzi wa Kipaimara wapewe zamu ya kulinda kipande kilicho mpakani mwa kanisa. Wamezoea kukariri Amri Kumi pamoja na maelezo ya Katekisimo Ndogo. Kulinda kitu dhaifu kwa mwaka mzima ni maelezo mengine ya yale wanayokariri.

Hitimisho

Miaka mia moja ya kwanza tulijenga, tukalima, tukafagia. Tunamshukuru Mungu kwa waliofanya hivyo, kwa kuwa bila wao tusingejua kusoma wala kuandika makala kama hii. Lakini walituachia nusu ya kazi. Itakapofika siku ya kuandika kitabu cha miaka mia mbili, mwandishi wake atakuwa mtu ambaye bado hajazaliwa, na huenda atasoma katika shule hizi hizi. Natamani atakapotoka darasani wakati wa mapumziko amkute wibari juu ya jiwe, na awe na mtu wa kumwambia jina lake.

Kuhusu ule mkuyu wa mpakani, kamati ya maadhimisho imekubali ombi langu kwamba siku ya kilele cha jubilei lisipandwe tofaa wala ashoka mahali pale. Tutasimama kando ya uzio wa manyara, tutasali, kisha tutaondoka na kuuacha ulivyo.